Kijeba, Mamluki au Akaunti Mbadala? Maoni Kuhusu Istilahi za Michezo ya Mtandaoni

Miongoni mwa mambo yaliyoingia nchini pamoja na simu za kisasa ni michezo ya mtandaoni, na miongoni mwa mambo yaliyoingia pamoja na michezo hiyo ni tabia moja ambayo bado haijapata jina moja katika Kiswahili. Mchezaji hodari, ambaye amekwisha kupanda hadi daraja la juu, huiacha kwa muda akaunti yake inayojulikana, akafungua nyingine yenye jina jipya, akaanza tena kutoka chini pamoja na wanaojifunza. Madhumuni ya makala haya ni kuyahakiki majina ambayo wasemaji wameanza kuipa tabia hiyo, kuonyesha upungufu wake, na kupendekeza lile ambalo kwa maoni ya mwandishi lafaa kusanifiwa.

Mifano mingi iliyomo humu yahusu mkoa wa Singida. Mkoa huu wafaa kwa uchunguzi wa namna hii kwa sababu mbili. Kwanza, Singida si pwani wala si Dar es Salaam. Wasemaji wake wengi huanza na Kinyaturu, Kinyiramba au lugha nyingine ya nyumbani, kisha hukutana na Kiswahili shuleni, sokoni na michezoni; kwa hiyo neno linaloshika huko lina dalili njema ya kushika mahali pengi nchini. Pili, mji wa Singida umo katika barabara kuu itokayo Dodoma kwenda Nzega na Mwanza, na maneno husafiri pamoja na abiria. Vijana wa huko, katika vibanda vya gemu na katika simu zao, hucheza eFootball, Free Fire, PUBG Mobile na mingineyo, kama wenzao wa miji mingine. Katika mazungumzo ya wachezaji husikika majina manne ya tabia tunayoizungumzia: smafu, akaunti feki, akaunti mbadala na mamluki. La tano, yaani kijeba, husikika zaidi kwenye viwanja vya mpira kuliko kwenye simu. Hata hivyo ndilo tutakalolitetea.

Jambo lenyewe

Hatuwezi kulihukumu jina kabla ya kulifahamu jambo. Hapana budi basi tueleze kwanza namna michezo ya mtandaoni inavyowakutanisha wachezaji. Mcheza drafti kijiweni humchagua mpinzani wake kwa macho: amjua, amesikia habari zake, au ameketi pembeni akamtazama akicheza na wengine. Mchezaji wa mtandaoni hana nafasi hiyo. Mpinzani wake huenda yuko Arusha, Nairobi au Muscat, wala hamwoni. Programu ya mchezo ndiyo inayowapanga, nayo huwapanga kwa hesabu.

Asili ya hesabu hiyo ni mchezo wa sataranji. Arpad Elo, profesa wa fizikia mzaliwa wa Hungaria aliyefundisha nchini Marekani, alibuni kanuni ya kumpa kila mchezaji namba ambayo hupanda akishinda na kushuka akishindwa, na kiasi cha kupanda au kushuka hutegemea uzito wa mpinzani. Chama cha sataranji cha Marekani kiliikubali kanuni hiyo mwaka 1960, na shirikisho la dunia, FIDE, likaikubali mwaka 1970. Michezo mingi ya mtandaoni hutumia kanuni hiyo au nyingine zilizofuata mfano wake, kisha huzigawa namba katika madaraja yenye majina kama shaba, fedha na dhahabu.

Namba hiyo ni mali ya akaunti, si mali ya mtu. Hapo ndipo penye mwanya. Bingwa akifungua akaunti mpya, programu haina habari zake zozote. Itamhesabu kuwa mgeni na kumpanga na wageni wenzake. Atashinda mara nyingi kabla hesabu haijamfichua na kumpandisha. Na kama hataki kupanda, atashindwa kwa makusudi mara kadhaa ili namba yake ishuke, kisha ataendelea kuwashinda wadogo.

Jina la kigeni la tabia hii lilianza mwaka 1996 katika mchezo wa Warcraft II. Wachezaji wawili walikuwa hodari hata watu wakakataa kucheza nao mara walipoyaona majina yao. Wakajipa majina mapya, PapaSmurf na Smurfette, waliyoyachukua katika vibonzo vya Mbelgiji aitwaye Peyo, ambaye viumbe wake wafupi wa rangi ya buluu walitokea kwa mara ya kwanza mwaka 1958. Kwa majina hayo wakapata tena watu wa kucheza nao, na wakawashinda. Tangu hapo jina la viumbe hao likawa jina la kila bingwa anayejificha. Msomaji aweke akilini jambo moja: waliolianzisha jina hili walichagua umbo la mtu mfupi. Tutalirudia jambo hilo baadaye.

Kwa nini bingwa hujificha

Sababu za tabia hii si moja, na mtu asiyezitenganisha hataweza kuunda istilahi iliyo sawa. Kwa ufupi ni hizi zifuatazo.

Kwanza ni uchache wa watu kileleni. Katika daraja la juu wachezaji ni haba, na programu yaweza kumfanya bingwa asubiri muda mrefu ili apatiwe mpinzani wa kadiri yake. Chini kuna watu tele. Pili ni urafiki. Michezo mingi humzuia mwenye daraja la juu kushindana katika kundi moja na rafiki yake wa daraja la chini, na kaka anayetaka kucheza pamoja na mdogo wake huona hana njia ila akaunti ya pili. Tatu ni mazoezi. Golikipa anayetaka kujifunza ushambuliaji hapendi kuanza kujifunza katika fainali; vivyo hivyo bingwa hapendi kuihatarisha namba yake aliyoitolea jasho kwa ajili ya mbinu asiyoizoea. Nne ni kuukimbia umaarufu. Mchezaji anayetazamwa na maelfu huchoka kutazamwa, au huwachoka wapinzani waliokwisha kuzisoma mbinu zake. Tano ni raha ya kushinda bila jasho, ambayo kwa Kiswahili cha kawaida twaiita uonevu. Sita ni fedha: mtu hufungua akaunti, huipandisha daraja, kisha huiuza kwa asiyeweza kupanda kwa nguvu zake. Saba ni kukwepa adhabu, kwa kuwa aliyefungiwa akaunti moja hurudi kwa nyingine.

Ni dhahiri kwamba sababu hizi hazina uzito mmoja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State nchini Marekani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2024, waliona kwamba wachezaji wenyewe hawalaumu kila akaunti ya pili kwa kipimo kimoja, bali huangalia sababu. Lakini sababu yoyote ile haibadilishi yanayompata aliye upande wa pili. Anayejifunza amekubali kushindana na wa kadiri yake, naye amepewa bingwa bila kuambiwa. Hushindwa asijue kwa nini, huamini kwamba yeye ni mzito wa kujifunza, na pengine huuacha mchezo. Ndiyo maana Valve, kampuni ya Marekani yenye mchezo wa Dota 2, ilitangaza mwezi Septemba 2023 kwamba imezifungia kabisa akaunti 90,000 za namna hiyo. Ilisema pia kwamba kila moja ilikuwa imefuatiliwa hadi kwenye akaunti kuu ya mwenyewe, na kwamba tangu wakati huo akaunti kuu nayo ingeweza kuadhibiwa.

Uhakiki wa majina yaliyopo

Tuanze na smafu. Kiswahili hakikatai mkopo. Redio, baiskeli na shule ni mikopo, na hakuna anayeiona migeni. Lakini mkopo hufaa pale unapofika pamoja na kitu chenyewe. Aliyeiona baiskeli hakuhitaji kuelezwa maana ya neno. Tabia hii haionekani kwa macho, na vibonzo vilivyolizaa jina lake havijulikani kwa watoto wengi wa Iramba au Mkalama. Kwa hiyo neno smafu halimwambii msikilizaji chochote. Tena neno hilo la kigeni lina maana nyingine katika shughuli za benki: ni mbinu ya kuzigawa fedha haramu katika mafungu madogo ili zisitiliwe shaka. Tukilikopa kwa ajili ya mchezo, twaikopa na maana hiyo, na kesho wahasibu watakuja kulidai.

La pili ni akaunti feki. Jina hili ni la uongo kwa maana halisi ya neno. Akaunti ya pili ya bingwa si feki: imefunguliwa kwa utaratibu uleule na ina mwenyewe halisi. Kilicho cha uongo ni daraja lake. Zaidi ya hayo, wananchi wamekwisha kulitumia jina hilo kwa jambo jingine, yaani akaunti inayojifanya kuwa ya mtu mwingine, kama vile matapeli wanaotumia jina na picha ya kiongozi ili waombe fedha. Kujifanya mtu mwingine mtandaoni ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Je, ni haki kijana aliyecheza kwa jina la kubuni, bila kumwigiza mtu yeyote, aitwe kwa jina lilelile la mhalifu huyo? Istilahi isiyopambanua utundu na uhalifu ni istilahi yenye hatari.

La tatu ni akaunti mbadala. Hili ndilo linalopendwa na wenye kupenda usanifu, na kwa sura ya nje halina dosari. Ni Kiswahili, laeleweka, na ni la kweli. Upungufu wake ni kwamba lataja chombo na kukiacha kitendo. Watu wengi wa Singida wana laini mbili za simu, ya mtandao huu na ya mtandao ule, na zote mbili zimesajiliwa kwa alama za vidole katika zoezi la mwaka 2019 na 2020 au baada yake. Hakuna anayewaita wadanganyifu. Kuwa na vitu viwili si kosa.

Tuone jinsi jina hilo linavyoweza kudhuru. Tuseme shule moja ya sekondari wilayani Ikungi yaandaa mashindano ya eFootball, na mwalimu wa michezo aandika sharti hili: mwenye akaunti mbadala haruhusiwi. Mwanafunzi wa kwanza alipoteza simu mwaka uliopita, akasahau neno lake la siri, akafungua akaunti nyingine. Daraja lake katika akaunti zote mbili ni lilelile la chini. Mwanafunzi wa pili ni hodari kupindukia. Hakufungua akaunti yoyote mpya, bali ameazima simu ya binamu yake anayejifunza, akaingia mashindanoni kwa akaunti ya huyo. Kwa sharti lilivyoandikwa, wa kwanza atatolewa na wa pili atacheza. Asiye na hatia ameadhibiwa na mdanganyifu amepita, wala mwalimu hakuwa na nia mbaya. Kilichomponza ni neno.

La nne ni mamluki. Neno hili lina historia ndefu. Kwa Kiarabu lilikuwa na maana ya mtu anayemilikiwa, na askari watumwa walioitwa kwa jina hilo walikuja kuitawala Misri kuanzia mwaka 1250 hadi 1517. Katika Kiswahili likawa jina la askari wa kukodiwa, na wasomaji wenye umri mkubwa watakumbuka lilivyojaa magazetini wakati wa habari za Komoro mwaka 1978 na Shelisheli mwaka 1981. Kutoka vitani likaingia michezoni. Katika UMITASHUMTA na UMISSETA, mamluki ni mchezaji asiye mwanafunzi wa shule inayomchezesha, aliyeletwa ili timu ishinde. Na katika michezo ya watumishi ni yule asiye mtumishi wa ofisi anayoichezea.

Neno hili ni hai na lina nguvu, lakini halikikai kitendo chetu. Mamluki daima ana mwenye kumleta. Huja kwa faida ya mwingine, na kosa lake ni kwamba hahusiki na timu ile. Bingwa tunayemzungumzia hakuletwa na mtu. Amekwenda mwenyewe, kwa akaunti yake mwenyewe, naye anahusika kabisa na mchezo. Kosa lake ni kwamba ameficha kimo chake. Pamoja na hayo, neno mamluki lisitupwe, kwa maana lipo jambo jingine mtandaoni linaloliomba. Ni ile kazi ya mtu hodari kulipwa ili acheze kwa akaunti ya mtu dhaifu na kumpandishia daraja. Huyu hasa ni wa kukodiwa. Korea ya Kusini iliona uzito wa jambo hilo ikalitungia sheria, iliyoanza kutumika mwaka 2019, yenye adhabu ya hadi kifungo cha miaka 2 au faini. Huyo ndiye mamluki wa mtandaoni, na yule mwanafunzi wa Ikungi atakuwa mmoja wao endapo binamu yake ndiye aliyemtuma.

Hoja ya kijeba

Katika matumizi ya zamani, kijeba ni mtu aliyekomaa kwa miaka lakini umbo lake limebaki dogo. Wapenzi wa mpira wakalichukua neno hilo na kumpa mchezaji aliyeupita umri wa mashindano ya vijana lakini akaandikishwa kana kwamba bado ni kijana. Hapakuwa na kamati wala kijitabu cha Tafsiri Sanifu kilichowaagiza. Walihitaji neno, wakatazama ndani ya lugha yao, wakalipata. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza katika utaratibu wetu wa kuunda istilahi: kutafuta kwanza katika Kiswahili chenyewe, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, na mwisho katika lugha za kigeni. Kwa njia ya pili tulipata ngeli kutoka Kihaya. Safari hii hatuna haja ya kutoka nje ya nyumba.

Taifa letu lajua gharama ya kijeba. Timu yetu ya vijana wenye umri usiozidi miaka 17, Serengeti Boys, ilikuwa imefuzu kwa fainali za Afrika za mwaka 2005 nchini Gambia. Shirikisho la mpira la Afrika likaiondoa kwa sababu ya mchezaji mmoja aliyeonekana kuzidi umri. Vijana waliobaki, ambao umri wao ulikuwa halali, walikosa safari pamoja naye. Tangu mwaka 2009 FIFA hutumia picha za mifupa ya kifundo cha mkono kuwabaini wachezaji wa namna hiyo katika mashindano ya dunia ya umri huo. Kwa hiyo neno kijeba lina uzito katika masikio ya Mtanzania, halihitaji kufasiriwa.

Tuulinganishe sasa ujeba wa uwanjani na wa mtandaoni. Kijeba wa mpira huficha miaka. Kijeba wa mtandaoni huficha ustadi. Wote wawili ni wakubwa waliovaa udogo. Wote wawili huingia mahali palipotengwa kwa ajili ya wadogo ili wadogo wakue kwa kushindana na wa kadiri yao. Na wote wawili, hata wasipomgusa mtu, hukiharibu kipimo. Tena sura ya neno inalingana ajabu na ile ya jina la kigeni: wale wachezaji wa mwaka 1996 walichagua umbo la mtu mfupi, na Kiswahili kilikuwa na mtu wake mfupi tangu zamani. Hii si tafsiri ya neno kwa neno. Lugha mbili zimelitazama jambo moja zikaona taswira moja.

Neno kipimo nimelitumia kwa makusudi, kwa kuwa ndicho kiini cha jambo. Mkoa wa Singida hulima vitunguu kwa wingi, na kila mkulima wa vitunguu ajua lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo na kuongezwa kilemba juu ya mdomo wake, likahesabiwa kuwa gunia moja. Sheria ya vipimo yaikataza. Hakuna anayesema kwamba gunia ni baya, wala kwamba vitunguu ni vibaya. Ubaya ni kwamba daftari limeandika moja na ndani yake mna zaidi ya moja, na mkulima ndiye anayelipa tofauti. Akaunti ya kijeba ni lumbesa ya ustadi: juu yake imeandikwa mwanafunzi, ndani mna fundi, na anayelipa tofauti ni yule aliyekutana naye.

Kwa kipimo hicho twaweza kutenganisha kijeba na wengine wanaofanana naye. Mwaka 2024 klabu ya Ihefu, iliyokuwa na makao Mbarali mkoani Mbeya, ilihamia Singida na kuitwa Singida Black Stars. Ilibadili jina na makao, lakini ilibaki katika ligi kuu na kushindana na wa kadiri yake. Haikushuka kwenda kucheza na timu za wilaya kwa kisingizio cha jina jipya. Huo si ujeba. Malenga wetu nao waliandika magazetini kwa lakabu, na lakabu huficha mtu bila kuficha kazi yake, kwa maana shairi hupimwa kwa mizani yake lenyewe. Mpaka huo huvukwa pale jina jipya linapomwingiza mtu mahali ambapo jina lake la zamani lingemzuia. Mwandishi wa Ufaransa Romain Gary alipata tuzo ya Goncourt mwaka 1956. Tuzo hiyo hutolewa kwa mtu mara moja tu maishani. Mwaka 1975 akaipata tena kwa jina la Émile Ajar, na ukweli ukajulikana hadharani baada ya kifo chake mwaka 1980. Hata tukimsifu kwa ustadi, hatuna budi kukubali kwamba mwaka ule mwandishi mwingine alikosa nafasi iliyokuwa haki yake.

Pingamizi

Yaweza kusemwa kwamba kijeba ni neno la umri, na mtandaoni hatuzungumzii umri. Jibu ni kwamba katika Kiswahili ukubwa na udogo havikukaa katika miaka peke yake. Twasema mkubwa wa kazi na mdogo wa cheo, tukiwa na maana ya daraja. Neno lililohama kutoka kimo hadi umri laweza kuhama hatua moja zaidi hadi ustadi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo lahusu utu. Wapo ndugu zetu walioumbwa na kimo kifupi, na neno kijeba limetumiwa kuwadhihaki. Je, si vibaya Baraza kulisanifu neno lenye kidonda hicho? Mwandishi anakubali kwamba kidonda kipo. Lakini kuliacha bila kulisanifu hakutakiponya. Neno litaendelea kutumika viwanjani, na maana zote mbili zitaendelea kuchanganyika. Njia iliyo bora ni Baraza kutamka wazi kwamba kijeba ni istilahi ya michezo, na maana yake ni mshindani anayeficha umri au ustadi wake ili ashindane na walio chini yake; na kwamba kwa mtu mwenye kimo kifupi neno hilo si la heshima na halifai. Yaani lawama iwekwe juu ya kitendo ambacho mtu amekichagua, iondolewe kwenye umbo ambalo hakulichagua. Endapo wenyewe wanaohusika wataona kwamba hata hivyo neno linawaumiza, basi wasikilizwe kabla ya uamuzi wa mwisho, wala si baada yake.

Pingamizi la tatu husema kwamba si kila mwenye akaunti ya pili ni mwovu, na kijeba ni neno la lawama. Hilo ni kweli, na ndiyo sababu hatupendekezi neno moja kwa mambo yote. Kaka anayecheza na mdogo wake kwa akaunti ya pili katika michezo isiyo na madaraja hakuharibu kipimo cha mtu. Yeye ana akaunti mbadala tu. Akiingia nayo katika mashindano ya madaraja na kuwaangusha wanaojifunza, hapo amekuwa kijeba, hata kama alikwenda kwa upendo.

Mapendekezo

Kwa sababu zilizoelezwa, mwandishi anapendekeza istilahi zifuatazo zijadiliwe na kamati ya istilahi.

(i) Akaunti mbadala: akaunti yoyote ya ziada ya mtu mmoja. Neno hili lisibebe lawama.

(ii) Kijeba, wingi vijeba: mshindani anayeficha ustadi au umri wake ili apangwe na walio chini yake. Tabia yenyewe iitwe ujeba.

(iii) Mamluki: mtu anayecheza kwa nafasi au akaunti ya mwingine kwa faida ya huyo mwingine, kwa malipo au kwa kutumwa.

(iv) Kujishusha: kushindwa kwa makusudi ili daraja lipungue.

(v) Lakabu: jina la kubuni analolitumia mtu hadharani bila kuficha kadiri yake.

(vi) Akaunti feki: libaki kwa akaunti inayomwigiza mtu mwingine, kama wananchi wanavyolitumia sasa.

Kwa istilahi hizi, yule mwalimu wa Ikungi ataweza kuandika sharti lake upya hivi: vijeba na mamluki hawaruhusiwi, mwenye akaunti mbadala aitaje akaunti yake ya daraja la juu kuliko zote, naye atapangwa kwa hiyo. Aliyepoteza simu atacheza. Aliyeazima akaunti atalazimika kusema ukweli au kukaa pembeni. Bingwa mwenye akaunti mbili atashindana na mabingwa wenzake.

Walimu wa michezo, maafisa utamaduni wa wilaya na wachezaji wenyewe wanaombwa kuyajaribu maneno haya katika kazi zao na kuliandikia Baraza. Waeleze hasa pale ambapo neno limekataa kukaa, na watu wametumia jingine badala yake.